Lifti Ambayo Haikuchelewa Kutengenezwa

Kisa hiki nimetumiwa na mtu ambaye naye alitumiwa na mwingine. Kisome taratibu hadi mwisho, kisha ufikirie ni nani umpelekee.

Katika hospitali moja kubwa ya nyanda za juu alikuwapo mkuu wa kitengo cha matengenezo, Injinia Adelhard. Alikuwa mtu mwadilifu, na mafundi wake walimpenda.

Kitengo chake kilitumia programu ya kompyuta. Muuguzi akiona kitu kimeharibika, anaandika humo, na programu inafungua oda ya kazi na kuipangia mwisho wa muda. Kazi ya haraka ilipewa saa ishirini na nne. Zikipita, oda inageuka nyekundu, na nyekundu zote huonekana ofisini kwa mkurugenzi.

Nyekundu zilikuwa nyingi. Mafundi walikuwa wachache na vipuri vilitoka mbali. Kila kikao Adelhard alisimamishwa ajieleze mbele ya wenzake, akarudi nyumbani bila hamu ya kula.

Siku moja, akipekua mipangilio ya programu, aligundua jambo. Saa za oda zilianza kuhesabiwa pale muuguzi alipotoa taarifa, nazo zilikwenda usiku na mchana, hata Jumapili. Lakini mtu angeweza kuchagua hesabu nyingine: saa zianze fundi anapoipokea oda, tena zihesabiwe saa za kazi tu.

Akachagua hiyo. Hakumficha mtu. Mkurugenzi aliambiwa, akakubali, na ripoti ya mwezi uliofuata ikatoka kijani tupu. Adelhard akapigiwa makofi kikaoni.

Aliyelalamika ni mmoja tu, Sista Eusebia, mkuu wa wodi ya wazazi.

"Injinia, wagonjwa wangu wanaumwa hata Jumapili."

"Sista, kilichobadilika ni hesabu tu. Mafundi ni walewale na kazi ni ileile."

Adelhard aliamini alichosema. Hakujua kwamba ile nyekundu iliyokuwa ikimnyima usingizi ndiyo pia iliyokuwa ikiwakimbiza mafundi wake.

Ijumaa moja alasiri, Sista Eusebia aliandika kwamba mlango wa lifti ya wazazi unakwama. Wakati mwingine ulifunguka, wakati mwingine mpaka usukumwe. Lifti hiyo pekee ndiyo iliyowapandisha akina mama kwenda chumba cha upasuaji.

Fundi Komba aliiona oda hiyo akijiandaa kuondoka. Zamani angepanda juu jioni ileile, maana kesho yake ingekuwa nyekundu. Sasa aliona kwamba akiipokea Jumatatu, saa ishirini na nne za kazi zitampa muda hadi Jumatano jioni. Akafunga begi lake la vifaa, akaenda zake.

Jumapili asubuhi akaletwa Zamda, mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye ndoa miaka mingi bila mtoto. Uchungu ulikuwa umemshika na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Daktari akasema apandishwe haraka kufanyiwa upasuaji.

Wakamwingiza kwenye lifti na machela yake. Lifti ikapanda, ikafika, mlango ukagoma kufunguka. Ndani, mkunga alipiga kelele. Nje, walinzi walihangaika na vyuma. Walipofaulu kuufungua mlango baada ya muda mrefu, Zamda alikuwa hai. Mtoto alitolewa akiwa ameshafariki.

Jumatatu Adelhard alifika kazini akiwa na hasira. Alitaka kumjua mzembe. Akafungua kompyuta kutafuta oda iliyochelewa, akatafuta tena. Hapakuwa na hata moja. Oda ya lifti ilikuwa pale, kijani, muda wake haujaanza hata kuhesabiwa.

Akamwita Fundi Komba.

"Komba, kwa nini hukuutengeneza ule mlango Ijumaa?"

Komba aliinamisha kichwa. "Mkuu, nilijua bado tuna muda." Kisha machozi yakamtoka.

Adelhard alishindwa kumgombeza. Waliongozana wenyewe hadi kwenye lifti, wakaurekebisha mlango pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, haikuhitaji hata kipuri kipya.

Mchana mkurugenzi alipiga simu. "Pole sana, Injinia. Angalau ripoti inaonyesha hatukuchelewa. Wakija kuuliza, tuko salama."

Adelhard alikata simu bila kuaga. Akaenda wodini, akaketi kando ya kitanda cha Zamda.

"Pole, mama. Mimi ndiye ninayesimamia matengenezo hapa."

Zamda alimgeukia. "Baba, kwani mlijua lini kwamba ule mlango ni mbovu?"

"Ijumaa."

"Ijumaa," mwanamke akarudia kwa sauti ndogo. "Sasa mlikuwa mnasubiri nini?"

Adelhard alitaka kueleza habari ya saa za kazi, na ya oda ambayo fundi hajaipokea. Lakini kila neno alilolifikiria aliona aibu kumwambia mama yule. Zamda akageukia ukutani, akavuta shuka hadi kichwani.

Siku hiyohiyo Adelhard aliirudisha hesabu ya mwanzo. Nyekundu zikajaa tena, naye akasimamishwa tena kikaoni kujieleza. Alijibu maswali yote bila kujitetea, akaomba mafundi wa zamu ya Jumapili hadi akapewa. Watu walisema amekuwa jasiri. Yeye alijua kwamba ujasiri huo ungekuwa na faida zaidi siku ile aliposimamishwa mara ya kwanza. Zamda aliruhusiwa kurudi kwao, akaondoka mikono mitupu.

Funzo: Shida ya mtu huanza pale inapompata, haingoji wewe uwe tayari kuipokea. Ukibadilisha hesabu ili usionekane umechelewa, unaweza kuepuka lawama, lakini aliyekuwa akikusubiri ndiye atakayelipa.