Kasa Alisema Sijambo

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa pwani, pakawa mchanga, pakawa njia juu ya mchanga.

Hapo zamani za kale, asubuhi ya tatu baada ya mwezi mpevu, maji ya bahari yakiwa yamekupwa, wanyama wa Rasi ya Mikadi walikutana ufukoni. Mwenyekiti alikuwa Ngiri. Karani alikuwa Korongo. Walikutana kwa shauri moja: kutengeneza bustani ya wote kando ya bahari, na njia ya wote kuipita bustani hiyo, kutoka rasini mpaka kijitoni.

Njia ilihitajika. Ngiri alieleza kwamba mwaka ule watoto watatu wa Paa walichomwa na miba wakienda kunywa maji, na mmoja hakupona. Hakuna aliyebisha. Lakini Ngiri hakutaka kuamua peke yake. Alisema kila mwenyeji aulizwe, wa nchi kavu na wa majini. Mwenye jambo aandikwe ana jambo. Asiye na jambo aandikwe hana jambo.

Korongo akaenda. Akamwuliza Paa, akaandika kwa ukucha juu ya jani la mkadi. Kwaru, kwaru. Akamwuliza Tumbili. Kwaru, kwaru. Akamwuliza Kaa, mwenye shimo ufukoni. Kaa alisema njia ipite juu kidogo, mbali na mchanga laini. Kwaru, kwaru: ana jambo.

Mwisho akafika kwa Bi Kasa. Alisimama majini, maji yakamfika magotini, na yalikuwa yanajaa.

Sasa sikilizeni, wakubwa na wadogo. Mwezi uliotangulia Bi Kasa alikuwa amepanda ufukoni, akachimba, akataga mayai mia na kumi, akayafukia. Sasa vigingi vya kupimia njia vilikuwa vimechomekwa juu ya mayai hayo. Bi Kasa aliviona kutoka majini. Alikuwa akimngoja Korongo tangu asubuhi, na neno lake lilikuwa tayari.

Korongo akasema, "Bi Kasa, hujambo?"

Bi Kasa akasema, "Sijambo."

Ndivyo alivyolelewa. Majini kwao mtu haanzi na shida yake. Huitikia kwanza kwamba hajambo, hata kama anaumwa. Kisha huulizwa habari za nyumbani, kisha habari za watoto. Hapo kwenye watoto ndipo hutoa lake.

Bi Kasa akangoja aulizwe habari za watoto.

Kwaru, kwaru. Korongo aliandika: Kasa, hana jambo. Puruu, akaruka.

"Bwana Korongo, bado," Bi Kasa akamwita. "Tumesalimiana tu."

Mawimbi yalikuwa yakivuma. Korongo hakusikia. Bi Kasa alidhani atarudi, maana kwao anayesalimu hurudi kumalizia mazungumzo.

Siku ya kumi majani yalisomwa mbele ya wote. Jambo lilikuwa moja tu, la Kaa. Kaa akajitokeza.

"Bi Kasa ana mayai chini ya vigingi," alisema.

Ngiri akalitazama jani. Akamwuliza Korongo, Kasa alisemaje?

"Alisema sijambo. Kwa kinywa chake."

Tumbili akamgeukia Kaa. "Wewe mwenyewe unakwenda upande. Leo utatunyooshea sisi njia?"

Wote wakacheka. Kaa akashuka majini kumtafuta Bi Kasa. Alikuwa mbali, kwenye majani ya bahari. Kumpata kulichukua siku tatu.

Huku nyuma Nyati waliitwa kushindilia mchanga. Di, di, di, kutoka rasini mpaka kijitoni. Di, di, di, mchanga ukawa mgumu kama sakafu. Watoto wa Paa wakapita juu yake, na hakuna aliyechomwa.

Siku ya kumi na nne, asubuhi, Bi Kasa alipanda ufukoni. Kru. Kru. Kru. Ngiri alikuwa amesimama njiani. Akaona mama wa watu anatokwa machozi.

"Bi Kasa, hujambo?"

"Sijambo, Bwana Ngiri." Mdomo ulishazoea. Akashusha pumzi. "Watoto wangu wako chini ya miguu yako."

Ngiri akasogea kando. Akapiga magoti, akachimba kwa meno yake. Korongo akachimba kwa mdomo. Walichimba mpaka adhuhuri, wakayafikia mayai. Zilikuwa zimebaki siku tano yaanguliwe. Hakuna lililokuwa zima.

Njia ilihamishwa, ikapita juu kidogo, pale pale aliposema Kaa.

Wakubwa kwa wadogo, funzo ni hili: aliyeitikia salamu yako bado hajasema neno lake. Ukienda kumwuliza mwenzio habari za kwake, subiri mpaka amalize.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya tatu baada ya mwezi mpevu, Korongo alisimama ufukoni bila jani. Akaita, "Bi Kasa, hujambo?" Kichwa kikatokeza juu ya maji. Kikamtazama. Kikazama.

Hadithi yangu imeishia hapo. Korongo yuko ufukoni, Kasa yuko majini, na salamu haijaitikiwa.