Neno Alilolisema Ukumbini

Kaeni vizuri, ndugu zangu, maana mfano wa leo hautaki msikilizaji anayesinzia.

Palikuwa na mwanamume mmoja, fundi wa kupaka rangi magari, katika mji mmoja wa reli. Mtu mpole, mchapakazi, ila mwoga. Hakuogopa nyoka wala giza. Aliogopa kutazamwa. Mwite mbele ya watu aseme mawili matatu kwenye harusi: jasho litamtoka, mikono haitajua ikae wapi. Mnawajua watu wa namna hiyo? Wengine nawaona hapa wameshainamisha vichwa.

Huyu bwana alikuwa na pumziko moja tu nje ya kazi yake, nalo ni muziki wa soul, ule wa zamani wa matarumbeta na kinanda, mwimbaji anabembeleza kama mtu aliyefungiwa mlango na mkewe. Kila Jumamosi jioni palikuwa na dansi la soul kwenye ukumbi wa pale mjini. Zinapigwa santuri, watu wazima wanavaa viatu vinavyong'aa. Huko ndiko alikokutana na mkewe enzi za ujana wao, na tangu enzi hizo alikuwa na desturi yake: haingii ukumbini bila kupitia baa ya jirani. Kwanza bia. Kisha kitu kikali, kidogo tu. Damu ikishachemka, ndipo anaingia, na akiingia, jamani, watu wanampisha. Alikuwa anacheza!

Mkewe alipata kumuuliza, "Baba Edina, hivi huwezi siku moja ukaingia na mimi moja kwa moja?"

Akajibu, "Mama Edina, nikiingia mkavu miguu inagoma."

Wakacheka, yakaisha. Mambo mengi huwa tunayacheka, yakaisha, na kumbe hayajaisha.

Mwaka mmoja mama yule akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala wote. Wakatoka hospitali na kiti cha magurudumu. Mume, tumpe haki yake, hakumkimbia. Alimwogesha, akamvisha, akamkorogea uji. Dansi akaacha kwenda. Lakini hakutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatoka nje. Akitoka nje, anarudi kuuliza kama mgonjwa anataka maji, na maji yako pale pale mezani ameyaweka mwenyewe. Na kila alipopiga magoti sala yake ilikuwa hiyo hiyo: "Mungu wangu, nimwone tu amesimama. Sitaomba kingine."

Asichokijua ni kwamba yeye akienda gereji, binti yao Edina alimshika mama mkono, wakafanya mazoezi waliyofundishwa hospitali. Kutoka kitandani hadi dirishani. Mama anaanguka, anapumua, anaanza tena. Akamwambia binti, "Baba yako usimwambie. Nataka aone kwa macho yake."

Ikafika Jumamosi moja. Mama akasema, "Baba Edina, leo nipeleke kwenye dansi. Nina neno langu nataka nikupe kule."

"Neno gani? Si uniambie hapa hapa?"

"Hapa si mahali pake."

Basi yule bwana siku nzima hakukalika. Alinyoa ndevu akajikata. Alipiga viatu rangi, akavisahau, akavipiga tena. Chakula kiliwekwa kikapoa. Neno gani? Anataka kuniaga? Anataka kusema amechoka, nimpeleke kwao? Na watu je? Watamtazama kwenye kile kiti, kisha watanitazama mimi. Alikuwa anatembea uani huku na huku kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Jua linazama wakafika. Akamweka mkewe karibu na ukuta, pamoja na majirani wanaowafahamu, na Edina pembeni yake. Matarumbeta yalikuwa yameshaanza. Akainama akasema, "Nakuja sasa hivi."

Mama akamshika mkono wa shati kwa ule mkono wake mzima. "Leo usiende."

"Mara moja tu, Mama Edina. Nitulize moyo. Nikirudi nitakuwa tayari kulipokea hilo neno lako."

Tayari! Mmelisikia? Alikwenda kujiweka tayari. Na mimi nawauliza: ubaya wake uko wapi? Hakwenda kwa mwanamke mwingine. Hakwenda kugombana na mtu. Alikwenda kutafuta ujasiri wa kukaa karibu na mtu anayempenda. Ni wangapi kati yetu tunakwenda huko huko, kila mtu kwa njia yake?

Akanywa kwa haraka, tumbo tupu, roho juu. Ya kwanza haikumtuliza. Ya pili nayo hivyo hivyo. Akaongeza kitu kikali, akaongeza tena, mpaka ile hofu ikanyamaza. Akarudi ukumbini anatabasamu.

Yaliyotokea ukumbini siwaambii kwanza. Nataka myajue kama alivyoyajua yeye mwenyewe.

Aliamka Jumapili jua limeshapanda. Kichwa kinagonga, ulimi mzito, viatu bado viko miguuni. Alikumbuka mlango wa ukumbi. Alikumbuka tarumbeta. Baada ya hapo, giza. Akajikokota hadi sebuleni. Mkewe yuko kwenye kiti chake, anakunywa chai, na uso wake una nuru ambayo hajaiona tangu ugonjwa uingie mle ndani.

Yule bwana akaona haya. Akachuchumaa mbele yake. "Mama Edina, nisamehe. Jana sikukaa na wewe vizuri. Nilizidisha. Lakini sasa nimetulia, nakusikiliza. Ulisema una neno lako. Niambie."

Mama akaweka kikombe chini. 

"Unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza kweli."

"Baba Edina, nilisimama."

Yule bwana hakuelewa. "Ulisimama wapi?"

"Jana, ukumbini. Ulipoingia tu, nilimwachia Edina mkono nikasimama. Nikatembea hadi kwako, peke yangu. Watu wakazuia pumzi. Ulinidaka, tukacheza wimbo mzima taratibu, na ukumbi wote unapiga makofi, wengine wanalia. Na wewe ulilia begani kwangu, gauni langu likalowa."

"Mimi?"

"Wewe. Halafu ukaniambia neno sikioni. Neno ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwako tangu unioe."

Akamshika magoti. "Neno gani, mke wangu? Nilisema nini?"

Ile nuru ikaondoka usoni mwa mama, mbele ya macho yake, anaiona inaondoka. Akasema polepole, "Usiku kucha nimelala nikilirudia moyoni. Nikadhani umelisema wewe."

Ndugu zangu, kitu alichokiomba kwa magoti yake kilikuja. Kilitembea kwa miguu kikamfikia mikononi. Alikuwepo, na hakuwepo.

Akasema, "Basi simama tena, nione."

Mama akamwonyesha miguu yake. Ilikuwa imevimba. "Leo imechoka. Nitasimama siku nyingine, Mungu akipenda, na utaona. Lakini ile ya kwanza nilikuwa nimekuwekea wewe."

Akatoka akazunguka mji. Akaenda kwa mpiga santuri: "Hebu niambie ilikuwaje." Akaenda kwa jirani: "Alitembea vipi? Alinitazama?" Kila mtu akamsimulia kwa furaha, kila mtu akampa kipande. Fikirini mwanamume mzima anapita nyumba za watu kuomba habari za furaha yake mwenyewe! Na neno lile la sikioni, nani angempa? Hakuna aliyelisikia ila mkewe, na mkewe hakulisema tena.

Mama aliendelea kutembea, hatua kwa hatua, kwa fimbo. Mume alimwona, akamshukuru Mungu, na ile baa hakuipitia tena. Walirudi kwenye dansi pia. Aliingia mkavu, anatetemeka, akamkanyaga mkewe mbele ya watu, wakacheka wote wawili. Namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nisiwadanganye kwamba yote yalirudi. Kila walipocheza alikuwa akimnong'oneza kitu, anajaribu: nakupenda, nilikukosa, usiniache. Mama anatikisa kichwa. Anasema, "Zuri hilo. Ila silo."

Sasa turudi kwetu sisi.

Tumefundishwa kwamba ulevi humnyang'anya mtu nguo, nyumba na kazi. Ni kweli, tumeyaona. Lakini yule fundi hakupoteza hata kimoja kati ya hivyo. Jumatatu alikuwa gereji kama kawaida. Pombe ilimchukulia furaha yake, tena siku ile ile furaha ilipomjia. Sisi tunasema: nichangamke kwanza ndipo nicheze. Nipate joto kwanza ndipo niongee na mwanangu. Nisahau kwanza ndipo nimwombe mke wangu radhi. Tunaona aibu kutetemeka mbele ya wanaotupenda. Kwani nani aliyetuambia kutetemeka ni dhambi? Yule mama alikuwa anatetemeka mwili mzima alipoinuka kwenye kiti kile, na bado aliinuka.

Mungu akikuletea jambo jema, atakukuta una hofu. Na akukute! Mwenye hofu yuko macho. Mwenye hofu atasimulia mwenyewe, hatasimuliwa.

Nawajua. Mmezoea hapa niwaambie mgeukie jirani mseme Bwana asifiwe, halafu kila mtu anageuka mbele kama kawaida. Leo siwapi maneno. Kuna mtu yuko humu ndani ana neno ambalo hajawahi kulisema isipokuwa akiwa amelewa, au analiahirisha kila siku, anasubiri moyo utulie. Na anayepaswa kulisikia ameketi pembeni yake sasa hivi, kwenye benchi hilo hilo. Ni asubuhi. Hujaonja kitu. Mikono inatoka jasho, najua, hata mimi mke wangu yuko kwaya pale ananitazama.

Mpiga kinanda, usipige kwanza.

Nashuka madhabahuni. Geukeni.