Jalada Lililosoma

Fundi mmoja wa kujalidi vitabu alikuwa na kitabu cha kale alichoachiwa na baba yake. Jina la fundi huyo lilikuwa Shekuwe. Baba alipokuwa akikata roho alimwagiza akisome mara tatu: akiwa kijana, akiwa na mke, na akiwa mzee. Shekuwe alikisoma mara moja, akiwa na miaka kumi na sita, kwa sababu ya mtihani. Akafaulu. Akasema amekimaliza, kana kwamba kitabu ni sahani ya wali.

Miaka arobaini kitabu kilikaa rafuni. Sasa, mafundi wa mji ule walitengeneza majalada kwa kugandisha karatasi kuukuu, moja juu ya nyingine, kwa uji wa ngano, kisha wakavisha ngozi. Masika moja karatasi zilimwishia. Akatupa jicho rafuni, akachomoa kile kitabu, akakichana. Mkewe, Mwanamize, alimwambia aache, naye akacheka tu. Kilitosha majalada saba, na majalada saba yakaenda nyumba saba.

Mwaka uliofuata Mwanamize alifariki. Watu walikuja, wakakaa matanga, wakaondoka. Shekuwe akabaki na nyumba. Hakuweza kuingia chumbani. Alikula akiwa amesimama mlangoni, ameipa nyumba mgongo. Ndipo alipokumbuka kwamba katika kile kitabu mlikuwa na mzee aliyerudi kutoka makaburini akaikuta nyumba tupu. Yule mzee alifanyaje? Aliingiaje? Shekuwe hakukumbuka hata neno moja. Ujanani sura ile ilimchosha, akairuka. Alijipiga kifua akalia kwa sauti, na sioni haya kuwaambia kwamba nami ningelia.

Adhuhuri moja jirani yake, Bi Thureya, aliyefiwa na mume mwaka huohuo, alikuja mbio bila hata kuvaa viatu. Alisema jalada alilomtengenezea, mojawapo ya yale saba, linasoma kwa sauti. Shekuwe alidhani msiba umemvuruga akili, lakini akamfuata.

Kitabu chenye jalada hilo kilikuwa juu ya meza, kimefungwa. Jua lilikuwa kali nje, na chumbani mlikuwa na baridi. Bi Thureya akaketi mkekani, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kwa adabu, na machozi yakamtiririka taratibu. Alisema ni sauti ya chini, ya mtu anayemsomea mgonjwa. Alisema kuna mzee amerudi nyumbani kwake, yuko mlangoni, ameshika komeo.

Shekuwe akaruka akatega sikio. Hakusikia kitu. Akalaza shavu kwenye ngozi, akaikuta ina joto, inatetemeka kama koo la mtu anayesema. Lakini neno? Hata moja. Akamshika Bi Thureya mabega, akamsihi amwambie mzee yule alifanya nini alipofungua. Bi Thureya akajaribu. Kisha akasema:

"Haisimuliki, fundi. Ulipaswa uisome mwenyewe."

Shekuwe akachomoa kisu chake cha kazi, akalipasua jalada. Sauti ikakatika katikati ya neno, na Bi Thureya akapiga ukelele. Ndani kurasa zilikuwa zimeshikana zikawa ubao mmoja, herufi zimelala juu ya herufi, nyeusi tupu. Akakwangua mpaka kucha zikatoka damu. Hakupata hata mstari mmoja unaosomeka, na tangu siku hiyo Bi Thureya naye hakusikia tena.

Fundi alikwenda kwenye zile nyumba sita zilizobaki. Watu walimwona na kisu, wakafunga milango. Mpaka leo hupita mchana kweupe, akaegemeza sikio kwenye kuta za wenzake, na walio ndani huteremsha sauti zao mpaka apite.

Mnaguna. Mnaona ni hadithi ya kutisha watoto. Basi nijibuni, nyinyi watu wazima mnaosema vitabu vya kale ni kazi ya wanafunzi: siku huzuni msiyoijua itakapowakuta na nywele nyeupe, mtakuwa na maneno ya nani kifuani?