Kindi Alivyomsindikiza Bosi Wake

Niko mlangoni.

— Ingia na maneno yako.

Nimebeba kisa.

— Kitue tukione.

Mna masikio?

— Mawili mawili.

Na migongo?

— Inauma.

Basi kaeni vizuri, nyoosheni miguu, maana kisa chenyewe ni cha mgongo.

Zamani, wakati wanyama walikuwa na kazi na watu bado hawajui kazi ni nini, palikuwa na Kiboko mwenye tumbo, na palikuwa na Kindi mwenye mkia. Kiboko alikuwa bosi. Kindi alikuwa msusi wa ukili, ule utepe mrefu wa miyaa ya mkindu unaoshonwa ukawa mkeka. Kindi akisuka, vidole vyake vilisema kacha-kacha, kacha-kacha. Kiboko akikagua, pua yake ilisema fuu.

Kazi ilifanyika kwenye banda moja kubwa kando ya mto. Asubuhi wasusi walikuja, wakasuka, wakataniana. Jua likigusa kilima, wakaenda zao.

Hata siku moja Kiboko akashikwa na mwasho mgongoni. Akauegemeza kwenye nguzo ya banda akajikuna. Akajikuna kushoto, akajikuna kulia, akasikia raha, akajikuna tena. Banda likaanguka, puu. Wasusi wakatoka chini ya makuti wakiwa wazima, ila wote wamekuwa rangi moja kwa vumbi.

Sasa, Kiboko alikuwa mbahili kama alivyokuwa mnene. Alizitazama nguzo zilizovunjika, akawaza kazi ya kujenga upya, akakohoa, akatangaza kwamba amewafikiria sana wafanyakazi wake. Tangu siku ile kila mmoja asukie kwake. Hakuna tena kuamka mapema, hakuna tena kutembea juani, ni raha tupu.

"Kuanzia leo," akasema, "nyumba yako ndiyo banda lako."

Wasusi wakapiga makofi. Kindi alipiga kuliko wote. Alikimbia moja kwa moja hadi kwake, kwenye tundu la shina la mkwaju, akamweleza jirani yake Kobe habari njema. Kobe hakushangilia.

"Mimi niko nyumbani tangu nizaliwe," alisema Kobe. "Ngoja, jirani. Nyumba ikishakukalia mgongoni, kuishusha ni kazi."

Siku za mwanzo zilikuwa tamu. Kindi alisuka akiwa na kanga ya kulalia, akapumzika akitaka, akapiga soga akitaka. Kisha Kiboko akagundua jambo. Bandani, jua likizama, wasusi waliondoka. Nyumbani waondoke waende wapi? Akachonga ngoma, akaisimamisha ukingoni mwa mto, akatoa amri: ngoma ikilia, kila msusi apige mluzi kutoka alipo, ijulikane kama yuko kazini. Asiyejibu, kazi hana.

Kindi anakula: du-du-du. Anajibu: chwii.

Kindi anaoga: du-du-du. Anajibu: chwii, na povu mdomoni.

Kindi amelala: du-du-du. Anaruka, kichwa kinagonga dari, anajibu: chwii.

Akaacha kutoka nje. Akawa anakula huku anasuka, na siku moja akaisuka karanga ndani ya ukili, akatafuna kipande cha mwaa. Mgongo ukapinda kama ndoana. Macho yakawa mekundu. Halafu mkia ukaanza kunyonyoka.

Hapo ndipo penye maneno. Kindi bila mkia si kindi, ni panya mwenye majivuno. Mkia ndio unaomweka sawa hewani anaporuka kutoka tawi hadi tawi. Na asubuhi moja Kindi alilirukia tawi alilokuwa akilirukia tangu utotoni, asilifikie. Alianguka, puu, mbele ya mlango wa Kobe. Akalala chali, akitazama mawingu aliyokuwa hajayaona siku nyingi.

Kobe akamuuliza kama ameumia.

"Leo nimeangukia mbele yako, jirani," Kindi akasema. "Kesho nitaangukia mbele ya chatu."

Mara ngoma ikalia. Du-du-du. Kindi akafungua mdomo apige mluzi. Akaufunga. Aliyawaza yale maneno ya Kiboko, akayageuza huku, akayageuza kule. Nyumba ni banda? Vizuri. Basi banda nalo ni nyumba. Na nyumba ina mwenyewe, na ina desturi zake.

Hakujibu. Ngoma ikalia tena, na tena. Kindi akafagia baraza, akabandika mihogo, akaikamulia nazi, akaketi kungoja.

Kiboko akaja. Alikuja akitimua vumbi, gubu-gubu, gubu-gubu, amefura zaidi ya alivyozaliwa. Hata hodi hakupiga. Akauliza kwa nini ngoma inalia mtu anakaa kimya.

Kindi alimpa shikamoo, akamtandikia mkeka, akamwambia kwa upole kwamba alikuwa jikoni.

"Bosi wangu hajawahi kukanyaga hapa kwangu," akasema. "Nikuitikie kwa mluzi, au nikuitikie kwa mihogo ya nazi?"

Pua ya Kiboko ikasema fuu. Kisha ikasema fuuu, kwa sauti nyingine kabisa. Akaketi.

Nanyi mnajua, mgeni akiwa barazani mwenyeji hashiki kazi. Kindi akauweka ukili pembeni. Akala taratibu, mara ya kwanza tangu ngoma ichongwe. Akauliza habari za mtoni, habari za mama watoto, habari za wakwe, habari za jino la bosi lililokuwa likisumbua mwaka ule wa mvua nyingi. Kiboko akajibu moja moja, mdomo umejaa. Sufuria ilipokauka, akakumbuka alichokuja kufanya, akasimama. Kindi naye akasimama.

"Na wewe unakwenda wapi?" Kiboko akauliza.

"Nakusindikiza, bosi. Mgeni haachwi aende kama mwizi."

Hiyo nayo ni desturi, wala siyo ya wanyama peke yao. Mimi nimelala nyumba za watu kutoka Lindi mpaka Lodwar, na kote nimesindikizwa. Kwingine walinisindikiza mapema kuliko nilivyotarajia.

Basi wakatoka. Wakakata mbuga ya wazi isiyo na mti hata mmoja. Kiboko alitembea gubu-gubu. Kindi alirukaruka, akanyoosha mgongo, ukalia kaka-kaka, akasikia raha mpaka machozi yakamlenga. Walipofika katikati, Kindi akaaga. Kisha akatazama juu. Mwewe alikuwa akizunguka.

Kindi akamkumbusha Kiboko kwamba mkeka wa harusi ya Nyati haujakwisha, na nakshi yake hakuna msusi mwingine anayeijua. Mwewe akimbeba yeye, amebeba na nakshi. Nyati si mtu wa kuambiwa subiri.

Kiboko akafikiri. Kiboko akafikiri tena. Akasema potelea mbali, atamrudisha.

Wakarudi. Walipofika mlangoni, sufuria ya pili, aliyoiacha Kindi motoni, ilikuwa jikoni, inatoa mvuke. Kindi akasema haiwezekani bosi ageukie mlangoni kama mdai. Kiboko akaketi. Kiboko akala. Kiboko akasimama. Kindi naye akasimama.

"Na sasa?"

"Nakusindikiza, bosi."

Wakakata mbuga. Wakafika katikati. Kindi akatazama juu. Mwewe yupo. Kiboko akamrudisha. Kiboko akaketi. Kiboko akala. Kiboko akasimama. Kindi naye akasimama.

Jua likapanda. Mnajua ngozi ya kiboko haipendi jua. Ilianza kukauka, ikaanza kulia kwa-kwa-kwa kama udongo wa kiangazi. Tumbo lilikuwa zito, miguu ilikuwa mifupi, na njia ilikuwa ileile.

Wasusi wengine wakachungulia. Wakamwona bosi anapita na Kindi, anarudi na Kindi. Wakafikiri siku ile bosi anatembelea watu. Wakabandika nao. Mlango huu: bosi, mbona unatupita? Mlango ule: bosi, kwangu mihogo hailiki? Kiboko akaketi kwa kila mmoja, maana alishakula kwa Kindi, na bosi anayekula kwa mmoja akawaruka wengine jina lake linavuma vibaya.

Katikati ya mbuga, katika safari ambayo sijui ilikuwa ya ngapi, Kiboko akakaa chini. Alikaa taratibu kama banda linaloanguka.

"Kindi," akasema, "hii desturi inaishia wapi?"

"Desturi haiishi, bosi. Wanaoishiwa ni watu."

"Mimi nimeishiwa."

Ndipo Kindi akamweleza, kwa heshima zote, kwamba kusindikizana kunakoma pale tu mgeni asipokuja. Na mgeni hana sababu ya kuja kama ngoma haimwiti mtu mezani, bafuni wala kitandani. Ngoma ilie asubuhi, kazi ianze. Ilie jua likigusa kilima, kazi ikome. Baada ya hapo bosi abaki majini na ngozi yake, na msusi abaki na nyumba yake.

Kiboko akakubali yote. Akaapa. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama anaweza kufungiwa mihogo kidogo ya njiani. Akafungiwa.

Mkia haukuota siku moja. Kindi alisuka mchana, akatoka nje jioni, akalala usiku, na manyoya yakarudi polepole, mengine kwa rangi tofauti. Mkeka wa Nyati ukakamilika kwa wakati wake. Na jioni moja Kindi alipanda juu ya mkwaju, akalitazama lile tawi. Kobe akasimama chini, akasogea kando kwa tahadhari. Kindi akaruka.

Tawi likayumba, likamshika.

Sasa mnataka funzo. Funzo ni hili: msimuige Kindi. Mfanyakazi mwema hanyooshi mgongo, hatoki nje, na chakula anakula akimaliza kazi, yaani hali kamwe. Mimi ndivyo ninavyoishi, na mnaniona nilivyo mzima. Shingo yangu inageuka upande mmoja tu; majirani wa upande wa pili nawasalimia kwa kuzungusha mwili wote.

Kwangu kimekwisha, kwenu ndiyo kinaanza. Atakayekiongezea chumvi asininyime mchuzi.