Jua Alipoambiwa Karibu

Acheni kwanza kujipepea kwa hayo madaftari na kulalamika, maana joto hili tulilialika wenyewe.

Enzi hizo dunia haikuwa na joto wala baridi. Jua alipita juu ya nchi zote kwa umbali mmoja, na maji hayakuganda popote. Hatimaye upweke ukamchosha, akaamua kuwatembelea watu nyumba kwa nyumba.

Alianzia kwenye miisho ya dunia. Akabisha hodi mara tatu, kimya. Wenyewe walikuwamo ndani, wamelala fofofo. Mgeni asiyeitikiwa hodi tatu huondoka, hivyo Jua akageuka kwa hasira, akaapa kwamba kule atapita kwa mbali tu, tena kwa upande. Nyuma yake maji yakaganda, yakawa magumu kama mawe.

Katikati ya dunia aliishi Nyamizi, mwanamke mwenye shamba la mtama na kisima kimoja. Adabu yake ilipita kiasi mpaka ikawa kero. Aliposikia hodi, aliitikia bila hata kuchungulia nje: "Karibu! Karibu sana! Karibu zaidi, mbona unasimama mbali?"

Jua hakuzijua adabu za watu. Aliambiwa karibu, akakaribia. Aliambiwa karibu zaidi, akakaribia zaidi. Mtama ukajikunja, kuku wakaachama midomo, na nyasi za paa zikaanza kufuka moshi.

"Mwambie aondoke!" mumewe akafoka.

"Nimfukuze mgeni? Watu watasemaje?"

"Watu gani? Si tutakuwa tumekauka wote!"

Siku ya pili ikawa vilevile. Nyamizi alichukizwa na mgeni asiyejua kuaga, akachukizwa na mume asiyenyamaza, na zaidi ya yote akachukizwa na mdomo wake mwenyewe. Kila alipokusudia kumwambia Jua aende, ulimponyoka: "Karibu tu, hapa ni kwako." Jioni akachungulia kisimani, akaona tope. Tope nalo likikauka, ukoo mzima ungehama, na hakuwa na pa kuupeleka. Nyamizi akakaa chini, akalia kwa hasira.

Siku ya tatu akakumbuka kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akampa. Jua akalishika, mpini ukaungua.

"Hata jembe!" Nyamizi akapiga kelele. "Basi nenda ziwani ukateke maji!"

Jua hakuwa na ndoo. Akayapasha maji ya ziwa mpaka yakawa mvuke, akayapandisha juu. Alasiri mzigo ukamwelemea, akauachia wote shambani. Mtama ukainuka. Kisima kikajaa mpaka kikafurika.

Na tangu siku hiyo miisho ya dunia ina barafu, na huku katikati Jua hutuunguza akiteka maji, hadi mvua inyeshe. Majirani walimjia Nyamizi wakinung'unika kwamba amewaletea joto.

"Haya, mfukuzeni nyinyi," akawajibu, "kisha kila mtu abebe ndoo yake."