Zimwi Chini ya Kiti cha Enzi

Sogeeni, niazimeni masikio. Palikuwa na waziri, Bi Mwanasiti, aliyeketi mwisho barazani. Mfalme akauliza, "Tuwapige watu wa ng'ambo ya mto?"

Waziri wa kwanza akajibu, "Tuwapige!" Chini ya kiti cha enzi, Bi Mwanasiti akaona zimwi likinenepa.

Wa pili akajibu, "Tuwapige!" Likavimba.

Wa tatu akajibu, "Tuwapige!" Kiti kikainuka na mfalme juu yake, naye akadhani ndio utukufu.

Zamu ikamfikia Bi Mwanasiti.

"Mfalme wangu, wametukosea nini?"

Waziri wa kwanza akainamisha kichwa. "Mimi sijui. Nilidhani wenzangu wanajua."

"Nasi tulidhani wewe wajua," wakasema wale wawili.

Zimwi likanywea, likatokomea. Vita havikupigwa, na jioni ile kila mama alimpakulia mwanawe chakula.