Yowe Lapigwa Marufuku Mtaa wa Kichakani

Mwenye kutafuna na atafune kimyakimya, maana hadithi hii ina makelele yake yenyewe.

Mwaka ule jua liliwaka mpaka mabomba ya Mtaa wa Kichakani yakakauka. Maji yakawa yanapatikana upande wa pili wa mji, na foleni yake usiombe. Kila asubuhi wanyama walibeba ndoo wakaondoka wote, nyumba zikabaki na makufuli tu. Hapo ndipo wizi ulipoanza. Leo kwa Mbuzi kimepotea kikapu cha mahindi, kesho kwa Kobe imepotea sufuria, tena yenye maharage ndani!

Aliyeumia zaidi ni Bi Bata. Binti yake alikuwa aolewe Ijumaa, na siku moja kabla haijafika alirudi kutoka majini akakuta mchele wote wa pilau umekwenda. Alikuwa ameuweka akiba kidogo kidogo tangu masika. Bi Bata hakuwa wa kulia chini kwa chini. Alisimama mlangoni akapiga yowe: "Mwizi! Jamani, mwiziii!"

Desturi ya mtaa ule ilikuwa moja: ukisikia yowe, unaacha ulichoshika unakuja mbio. Mbuzi akaja na mwiko mkononi, Sungura akaja na povu la sabuni masikioni. Mwizi walimkosa padogo tu. Waliona mkia ukipotea kichochoroni, wasijue ni wa nani. Wewe nadhani umeshajua.

Fisi alifika kwake akihema. Jioni akaenda kwa Simba, mwenyekiti wa mtaa, aliyependa sifa kuliko nyama.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema."

"Naona hata aibu kusema, mzee. Mtaa wa pili wanatucheka. Wanasema kwa Simba hakulaliki, kila siku mayowe."

Simba akatimua manyoya ya shingoni. "Wanasema hivyo? Mtaa wangu mimi?"

"Wanasema, mzee. Dawa yake ni kupiga marufuku yowe. Aliyeibiwa aje kwangu taratibu aniambie. Na funguo waniachie mimi wakienda majini. Nitalinda bure."

Bure! Simba hakuuliza zaidi. Kesho yake amri ikatoka, na tangu hapo Bi Bata akawa kama aliyefungwa kamba mdomoni. Zikaibwa nazi zake. Sauti ikampanda hadi kooni, akaimeza, akaenda kwa mlinzi.

"Pole, mama," alisema Fisi, machicha ya nazi yamemganda kwenye ndevu. "Nimekusikia. Nenda nyumbani."

Kwenye baraza la mtaa Fisi alisimama kifua mbele. "Zamani mayowe yalikuwa kila siku. Tangu nishike ulinzi, nani amesikia hata yowe moja? Basi wizi umekwisha!"

Simba alifurahi akatikisa kichwa mpaka manyoya yakamfunika macho. "Hakuna mtaa salama kama wetu mji mzima!" akasema. Walioibiwa wakatazamana. Nani atambishia Simba?

Bi Bata alitoka pale moja kwa moja hadi kwa Sungura, machozi yakimlengalenga. "Sungura mwanangu, nimebakiwa na nyama ya kukaanga tu, iliyomo mtungini. Na hiyo ikienda, wakwe nitawapa nini Ijumaa? Maji ya moto? Mwanangu ataingia kwa watu na aibu!"

Sungura alijikuna sikio. "Mama, si Fisi amesema yowe likome? Basi likome kwa wote. Nyama ilete kwangu. Ule mtungi wa shingo nyembamba tia mifupa, ikae chini kabisa."

"Na akija nipige yowe?"

"La! Wewe nyamaza. Najua ndiyo kazi ngumu kuliko zote, lakini nyamaza."

Asubuhi Bi Bata alimkabidhi Fisi ufunguo. "Bwana Fisi, mle ndani mna mtungi wa nyama ya harusi. Nakuomba sana."

"Usiwe na shaka, mama. Mtungi huo nitautunza kama tumbo langu."

Wanyama wakajifanya wanakwenda majini, wakapita nyuma wakajibanza uani kwa Mbuzi. Haukupita muda, wakasikia kufuli likifunguliwa. Kisha kimya. Kisha puu! Fisi akatoka nje mbio, mtungi umemvaa kichwani hadi mabegani, akigonga ukuta huu na ule.

"Uwiii! Jamani nakufa! Nisaidieni!"

Wanyama wakatoka polepole. Mbuzi alitandika mkeka kibarazani, wakaketi.

"Bwana Fisi, taratibu," alisema Kobe. "Yowe ni marufuku."

"Nimekwama! Siwezi kupumua!"

"Mwenye shida aende kwa mlinzi," alisema Sungura.

"Mlinzi si ni mimi!"

Bi Bata, ambaye koo lilikuwa likimwasha tangu asubuhi, alisema kwa upole: "Pole, baba. Tumekusikia. Nenda nyumbani."

Mkeka mzima ukaangua kicheko. Kelele zikamfikia Simba, akaja akinguruma. "Nani huyo anapiga yowe mtaani kwangu?"

"Mlinzi wako, Mwenyekiti," walijibu.

Simba akamzunguka Fisi, akautazama mtungi. "Huu wa nani?"

"Wangu," alisema Bi Bata. "Ulikuwa ndani kwangu, mlango umefungwa. Ufunguo alikuwa nao yeye."

Simba akainama. Wote waliona kwamba ameona haya, na hawakumcheka, maana Simba akiona haya si wa kuchezewa. Alipiga mtungi kofi moja, ukapasuka, kichwa cha Fisi kikachomoza na mfupa mdomoni.

"Bi Bata," alisema Simba, "amri nimeifuta. Haya, piga."

Weee! Bi Bata alipiga yowe la siku zote alizonyamaza, na mtaa mzima ukaja mbio. Wakaingia kwa Fisi wakakuta mchele, nazi, kikapu cha Mbuzi na sufuria ya Kobe. Maharage hayakuwamo.

Ijumaa pilau ilipikwa, binti akaolewa, na Bi Bata akapiga vigelegele mpaka wakwe wakaziba masikio. Fisi hakuwapo kwenye mkeka. Alihukumiwa kubeba maji ya mtaa mzima mpaka mvua inyeshe, na wakati ule alikuwa kwenye foleni, harufu ya pilau ikimfuata. Alipopita na ndoo akilalamika mabega yanamuuma, hakuna aliyemgeukia.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.